Barua ya wazi kwa wakuu wa vyuo vikuu: siasa mnayotufundisha ni nusu

Kwa: Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya umma, Wenyeviti wa Mabaraza ya vyuo hivyo, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: KUSOMESHA FALSAFA ZA ULIMWENGU PAMOJA NA SIASA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtendaji wa kata mkoani Morogoro, mhitimu wa shahada ya sayansi ya siasa. Siandiki kwa niaba ya halmashauri wala ya mtu mwingine yeyote. Naandika kama mtu aliyesomeshwa kwa mkopo miaka mitatu, ambaye kila mwisho wa mwezi anakatwa asilimia 15 ya mshahara kuulipa, na ambaye kwa hiyo anajiona ana ruhusa ya kuuliza kile alichouziwa kilikuwa na nini ndani.

Chuo nilichosoma sitakitaja. Nimeongea na wenzangu wa vyuo vingine na hadithi zetu zinafanana. Somo la nadharia za siasa lilikuja na kitini cha kurasa sabini na kitu, kilichotolewa kopi ya kopi hadi maneno ya pembeni yakawa yameliwa. Kilianza na Plato, akafuata Aristotle, Machiavelli, Hobbes, Locke, Rousseau, Mill, Marx, kikatua kwa Rawls. Mwishoni kabisa palikuwa na kurasa nne za viongozi wa Afrika: Nkrumah, Nyerere, Senghor, kila mmoja na aya zake mbili. Tulizifikia wiki ya mwisho kabla ya UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula. Mhadhiri akatazama saa, akasema hizo mtajisomea. Mwenzetu wa kiti cha mbele akauliza swali la siku zote: "Hiyo inatoka?" Haikutoka.

Mhadhiri yule simlaumu. Alikuwa na ukumbi wa watu zaidi ya mia tatu, kipaza sauti kinachokatika katika, na mtaala aliopewa na waliomtangulia. Wala sina ugomvi na Plato. Nilimpenda, na namsoma mpaka leo. Ninachowaletea ni kitu kilichonikuta baada ya joho kurudishwa stoo.

Mwaka wangu wa pili kazini, kijiji kimojawapo cha kata yetu kiligombania bonde. Wakulima walitaka kuongeza mashamba ya mpunga. Wafugaji walitaka mapito ya ng'ombe kwenda mtoni wakati wa kiangazi. Mkutano mkuu wa kijiji ukaitishwa chini ya mwembe wa shule. Kwa sheria, kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano ule, na wakulima walikuwa watatu kwa kila mfugaji mmoja. Mwenyekiti akasema tunyooshe mikono tumalize, jua linazama. Akasimama mzee mmoja mfugaji, hakupandisha sauti: "Mwenyekiti, ukihesabu mikono, sisi tumeshindwa tangu kabla ya kutoka nyumbani. Basi mngetutumia ujumbe tu kwamba tumeshindwa, tusingepoteza nauli ya bodaboda."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Tukakaa vikao vitatu. Kikao cha tatu pakapatikana njia ya ng'ombe, pana kiasi, inayopita kando ya kijito, na pande zote mbili zikatia saini na dole gumba. Nikarudi nyumbani najisikia Mwalimu. Siku mbili baadaye mama mmoja akaja ofisini na kikapu cha mchicha, akakiweka sakafuni karibu na miguu yangu. Bustani zao, yeye na wanawake wenzake kumi na moja, ziko hapo hapo kando ya kijito. Akaniuliza: "Mmekubaliana nani na nani?"

Nilikuwa na shahada ya siasa ukutani, imewekwa fremu, na sikuwa na neno la kumjibu yule mzee wala yule mama. Nilijua kuhesabu kura. Nilijua aina tatu za mifumo ya uchaguzi na faida za kila mmoja. Lakini kwamba kushindwa kwa kura kunaweza kuwa ni kutokuwepo kabisa kwenye uamuzi, na kwamba muafaka nao unaweza kumfuta mtu bila hata kumhesabu, hayo hakuna aliyenifundisha kuyafikiri.

Baadaye rafiki yangu alinitumia kwenye simu makala ya Kwasi Wiredu, mwanafalsafa wa Ghana aliyefariki 2022. Nikaisoma usiku, nikaketi kitandani. Mzee wangu wa bonde alikuwa mle ndani! Wiredu anaeleza jinsi mabaraza ya Waashanti yalivyokuwa yakiongea hadi yakubaliane, na anasema mtu kuwa na mwakilishi ndani ya baraza ni jambo moja, na matakwa yake kuonekana ndani ya uamuzi ni jambo jingine. Kura ya wengi humpa mchache la kwanza, ikamnyima la pili. Anatumia sanaa ya Waashanti ya mamba mwenye vichwa viwili na tumbo moja: vinywa vinagombania chakula ambacho mwishowe kinashuka tumbo lile lile. Halafu Emmanuel Eze wa Nigeria akamhoji hapo hapo kwenye tumbo. Nani kathibitisha kwamba maslahi yetu chini kabisa ni mamoja? Na mama wa mchicha naye nikamwona.

Tazameni basi jambo hilo linatugusaje sisi. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu juu ya demokrasia na mfumo wa vyama, na ndani yake akatumia picha ile ile ya wazee kukaa chini ya mti mkubwa na kuzungumza hadi wakubaliane. Hoja yake ilikwenda kwenye chama kimoja, na mwaka 1965 chama kimoja kikawa sheria. Wiredu alianzia kwenye mti ule ule akafika pengine kabisa: yeye alitaka siasa isiyo na vyama hata kimoja. Mbegu moja, mazao mawili. Mwanafunzi wa siasa anayehitimu Tanzania bila kukalishwa chini aonyeshwe ni kiungo gani cha hoja kilichoachana hapo, amesomea nini?

Mfano mwingine ni Tume ya Jaji Nyalali. Iliundwa 1991, ikazunguka nchi nzima, na katika waliotoa maoni takribani asilimia 80 wakasema tubaki na chama kimoja. Tume ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 vikaja. Takwimu hizo tulizikariri, na zilitoka kwenye mtihani. Swali lililokuwa limelala chini yake halikutoka: serikali iliwasikiliza wachache ikaacha wengi, ili kuwapa wananchi mfumo unaotawaliwa na wengi. Ilikuwa sawa? Kwa hoja ya nani? Nilipomweleza mwalimu mmoja wa sekondari ya kata yetu, anayefundisha uraia, alikaa kimya kidogo akasema, "Hilo ukilileta darasani kipindi hakiishi." Ndiyo, kisiishe.

Nasema falsafa za ulimwengu, kwa wingi, na simaanishi kuondoa kitini cha Wazungu tulete cha Waafrika. Kuna watu wataisoma barua hii hivyo. Januari 2017 wanafunzi wa SOAS kule London, chuo ambacho Kiswahili kimefundishwa kwa miaka mingi, waliomba wanafalsafa wa Afrika na Asia wapewe nafasi kubwa kwenye masomo yao. Baadhi ya magazeti ya Uingereza yakaandika kana kwamba Plato anafukuzwa na virago vyake. Hakufukuzwa. Chuo hicho kimekuwa kikifundisha falsafa za ulimwengu kama somo linaloweza kuunganishwa na siasa, na Plato yupo, ila sasa ana majirani.

Na majirani hao si wageni kwetu kama tunavyodhani. Neno lenyewe falsafa lilitoka kwa Wagiriki, likapita kwa Waarabu waliokaa Baghdad wakitafsiri vitabu, ndipo likafika pwani yetu. Dola nalo ni la Kiarabu, na mzizi wake ni wa kugeuka, wa zamu. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliiandika Muqaddima yake mwaka 1377 juu ya zamu hiyo: watu wenye mshikamano mkali hutoka pembezoni, wakateka mji, wakalainika, na nasaba yao kwa kawaida haivuki vizazi vitatu, kila kizazi miaka 40. Jumla ni miaka 120. (TANU ilizaliwa 1954. Nafanya hesabu tu, waheshimiwa, msinielewe vibaya.) Kijana anayesoma dola kwa miaka mitatu na hajui kwamba neno lenyewe lina hoja tumboni, anapitwa na kitu kilichomo mdomoni mwake.

Au mchukueni Kautilya wa India. Maandishi yake juu ya utawala yalipotea machoni pa wasomi kwa karne nyingi hadi mkutubi mmoja wa Mysore, Shamasastry, alipoletewa mswada wa majani ya mtende mwaka 1905, akauchapisha 1909. Mle mna sheria ya samaki: pasipo fimbo ya mtawala, mkubwa humla mdogo. Hobbes alisema jambo la jamaa hiyo mwaka 1651, na sisi tukafundishwa kama vile hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuogopa kuliwa. Ukiwaweka wawili hao meza moja ndipo utamu unapoanza, maana hawakubaliani. Mtu wa Hobbes anaingia mkataba. Mfalme wa Kautilya ana wapelelezi, hazina, washauri na wajibu, na furaha yake inapaswa kuwa ndani ya furaha ya raia zake. Yupi kati yao anaifafanua serikali ya kijiji inayodai mchango wa ujenzi wa darasa kwa kutumia mgambo? Mimi nina maoni yangu. Mwanafunzi angepaswa kuwa na yake.

Wachina nao. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kile cha Dodoma vyote vina Taasisi ya Confucius, na vijana wetu wanajifunza Kichina kwa bidii. Vizuri. Lakini mzee ambaye jina lake liko kwenye kibao, mimi sikuwahi kusomeshwa mstari wake hata mmoja katika siasa, wala wa mfuasi wake Mencius, aliyesema watu ndio wa kwanza kwa thamani, zinafuata madhabahu za ardhi na nafaka, na mtawala ndiye wa mwisho. Tunafanya biashara kubwa na nchi hiyo, tunatuma makada wetu huko, na hatujui wanazungumza nini wao kwa wao wanapobishana juu ya mtawala mwema.

Sasa lugha. Wiredu aliwahi kuwashauri Waafrika waichukue dhana ya kigeni waipitishe kwenye lugha yao wenyewe waone kama inasimama. Nilijaribu na haki. Kiingereza kina maneno mawili, right na justice, pale sisi tuna moja. Tunasema mtu ana haki, na tunasema jambo fulani ni haki. Basi mtu anaweza kuwa na haki ya kufanya jambo ambalo si haki? Kwa Kiingereza swali hilo linapita bila mtu kushtuka, kwa sababu maneno ni tofauti. Kwa Kiswahili linakwama kooni. Mwenye shamba bondeni ana hati ya kimila mkononi na anafunga njia ya maji ya jirani: ana haki? Nimelisikia swali hilo kwenye mashauri ya ardhi zaidi ya mara kumi, na kila mara watu wanabishana wakitumia neno lile lile kwa maana mbili bila kujua. Mwanasiasa mjanja anaishi hapo hapo, kwenye mwanya huo. Darasa la saa mbili juu ya neno hilo moja, kwa Kiswahili, lingenisaidia kuliko muhula mzima wa tafsiri ya vichwa vya habari vya Rawls. Na wazee wa pwani walikuwa wakisema jambo lifanywe kwa siasa, yaani kwa upole na utaratibu! Hilo nalo lingefaa kujadiliwa, tukipata muda wa kucheka.

Vitabu vyetu wenyewe tumevifungia chumba cha fasihi. Shaaban Robert aliitoa Kusadikika mwaka 1951, na mashtaka ya Karama, mhusika mkuu mle ndani, ni kutaka kufundisha watu sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliopelekwa pande sita, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, kwenda kutafuta mazuri ya kuwafaa watu wao, na waliporudi wakafungwa. Sekondari tulikisoma tukajibu maswali ya wahusika na dhamira. Chuoni, kwenye siasa, hakikutajwa. Najiuliza kama wajumbe wale wangefika kwenye kamati ya mitaala wangepokelewaje.

Msije mkadhani pia nataka falsafa ya Kiafrika iimbwe kama wimbo wa shule. John Mbiti, Mkamba aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1969 kwamba wakati wa Mwafrika una Sasa na Zamani, akatumia maneno yetu hayo hayo ya Kiswahili, na kwamba wakati ujao wa mbali haupo kabisa katika fikra za jadi. Nikiwa kwenye semina ya Dira 2050 nilimkumbuka nikatabasamu peke yangu. Huenda amekosea, wengi wamempinga. Paulin Hountondji wa Benin alikwenda mbali zaidi, akasema kukusanya mila za kabila zima na kuziita falsafa ni kuwanyima Waafrika kile wanachopewa wengine wote, yaani mtu mmoja mmoja anayefikiri na kukosoana na mwenzake. Mwanafunzi aletewe ugomvi huo wote mezani. Somo lisilo na ugomvi litageuka sherehe ya vyakula vya asili, na hizo tunazo tayari.

Kuhusu namna ya kufanya, mimi si mtaalamu wa mitaala, lakini naona mambo mengi yapo tayari. Kupitia HEET, mradi wa kuboresha elimu ya juu ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, mitaala imekuwa ikipitiwa upya. Walimu wa falsafa mnao, na walimu wa siasa mnao. Mara nyingine wako jengo moja, ghorofa tofauti, na hawajawahi kutunga mtihani pamoja. Naomba shahada ya pamoja ya siasa na falsafa, ambamo mwanafunzi anasoma maandishi yenyewe badala ya muhtasari wa muhtasari, kutoka walau pande nne za dunia, na anaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili anapotaka. Kama shahada nzima ni mzigo, anzeni na somo moja la lazima, mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza, lisingoje wiki ya kumi na tano. Na litoke kwenye UE. Mkitaka tusome kitu, mnajua njia.

Halafu fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mwaka uliopita nililetewa binti wa mwaka wa pili, msomi kweli kweli. Alikaa ofisini wiki nane akigonga mihuri na kuandika barua za utambulisho kwa watu wanaokwenda kufungua akaunti benki. Siku ya mwisho akaniomba nimjazie fomu, kipengele cha "ujuzi alioupata". Niliona aibu. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kuanzia miaka ya 1970, alikwenda vijijini Kenya na kinasa sauti, akaketi na wazee, akawauliza juu ya Mungu, kifo, usawa, sheria. Alitenganisha mzee anayejua mila za watu wake na mzee anayeweza kuikosoa mila hiyo hiyo kwa hoja, na huyu wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa. Hiyo ndiyo fildi. Binti yule angekaa na mzee wangu wa bonde siku tatu, akakaa na mama wa mchicha siku tatu nyingine, akarudi chuoni na kinasa sauti kilichojaa, muhula ujao wangekuwa na kitu cha kubishania.

Najua neno linalokuja: ajira. Falsafa hailipi. Labda. Lakini hata siasa peke yake hailipi kiasi hicho, tusidanganyane, wenzangu wengi wa darasani wana vibanda vya uwakala wa fedha. Waingereza waliotutawala walipotaka kuandaa watu wa kuendesha nchi yao, Oxford ilianzisha mwaka 1920 shahada inayochanganya falsafa, siasa na uchumi, na mawaziri wakuu kadhaa wa nchi hiyo wamepita humo. Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949, na kati ya aliyoyasoma ilikuwamo falsafa ya maadili pamoja na uchumi. Nkrumah alipata shahada ya uzamili ya falsafa Marekani. Ambedkar, aliyesimamia uandishi wa katiba ya India, alikaa darasani kwa John Dewey pale Columbia. Waliopigania nchi hizi walisoma vyote viwili kwa pamoja. Kuvitenganisha kulikuja baadaye, na sijaona aliyeeleza kwa nini.

Njia ya ng'ombe tuliihamisha, kama mnataka kujua. Vilihitajika vikao vingine viwili, na safari hii mama wa mchicha alikaa mstari wa mbele na wenzake wote kumi na moja. Mzee wa bonde alinuna wiki nzima, kisha akaleta maziwa ofisini, akasema ni ya mtoto wangu.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Nyuma ya zahanati tuna chumba kimoja cha wageni, kina kitanda na neti, umeme upo siku nyingi. Mkiamua kutuletea vijana wenye kinasa sauti, nipeni taarifa ya wiki mbili nikiandae.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mtendaji wa Kata